Fundi wa Ndani-Nje: Maisha ya Gerishon Kiprop Tesot, 1974–2016

Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1974, tarehe 14 Aprili, kulikuwa na mvua kubwa Ndanai, upande wa Sotik, na katika mvua hiyo Mama Emily Tesot alijifungua mtoto wake wa pili. Kwa Wakipsigis mtoto wa kiume wa mvua ni Kiprop, kwa hiyo jina lilikuwa tayari hata kabla mtoto hajaoshwa. Gerishon lilikuja baadaye, kanisani. Baba yake, marehemu Mzee Douglas arap Tesot, alifuga ng'ombe wa maziwa na kulima mahindi. Mama Emily, ambaye wasifu huu utasomwa tena mbele yake Jumanne ijayo, anasema Kiprop alikuwa mtoto mkimya. Ukimwita haitiki. Anakuja tu, anasimama karibu nawe.

Alisoma shule ya msingi pale pale Ndanai na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1989. Katika masomo hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kinachokumbukwa ni mlango. Bawaba ya mlango wa darasa la saba ilikatika, upepo ukawa unaupigapiga mpaka mwalimu hasikiki. Kiprop alivua mkanda wake, akaukata vipande viwili, akavipigilia mlangoni kwa misumari viwe bawaba. Mlango ukatulia. Yeye akamaliza muhula akiishikilia suruali kwa mkono mmoja, na alipoulizwa nyumbani mkanda uko wapi, akasema, "Uko shuleni." Hakuwa ameongopa.

Kuanzia 1990 hadi 1992 alijifunza useremala katika chuo cha ufundi Sotik. Mwaka uliofuata akapata kazi Kericho, kwenye karakana iliyotengeneza milango ya nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Huko ndiko alikomwona Jerusha Cherotich, aliyekuwa akishona sare za shule duka la pili kutoka hapo. Walifunga ndoa Ndanai, Jumamosi tarehe 9 Desemba 2000. Mungu akawapa binti mmoja, Tiffany Chepkemoi, aliyezaliwa tarehe 17 Julai 2002. Gerishon alimtengenezea kitanda chenye mlango mdogo ubavuni. Watu walimcheka. Tiffany alilala humo hadi miguu yake ikatokeza nje.

Tarehe 3 Machi 2006 alitua Doha. Mji ulikuwa ukijengwa kila upande na kila nyumba iliyojengwa ilihitaji milango. Alipata kazi kwenye karakana moja kule Sanaiya, eneo la viwanda, na hakuihama mpaka alipougua. Miaka minne ya kwanza aliishi kambini. Jerusha alipomfuata mwaka 2010, akafanya kazi ya ufuaji hotelini, walipanga chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la simu. Tiffany alibaki Ndanai na nyanya yake. Waliambiana ni kwa muda.

Ninyi mliokaa hapa Muaither, Doha, asubuhi hii mnajua kilichofuata, lakini karatasi hii inakwenda nyumbani, na nyumbani wengi hawajui. Kwa hiyo tuvumiliane, lielezwe polepole.

Ushirika huu ulikuwa ukikutana Ijumaa, siku ya mapumziko, katika sebule ya nyumba hii hii. Dari ni la chini na spika zilikuwa karibu mno na waimbaji. Mpiga gita alikuwa Arnold Omondi, mlinzi wa hoteli, kijana wa Kisumu, mtu wa mashoto. Doha nzima hakuwa amepata gita la mtu wa mashoto, basi alikuwa akilipiga la kawaida juu chini, kiwiko kikigonga vitufe vya sauti. Na lile gita lilikuwa na tumbo, lile tundu la katikati. Kila Arnold aliposogea karibu na spika, gita lilipiga mluzi mkali hadi watoto wakaziba masikio. Jirani aligonga ukuta. Mara mbili aliita polisi, kwa upole.

Gerishon hakuwa mwanamuziki. Alikuwa akikaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Ijumaa moja ya mwaka 2011, baada ya ibada, alilichukua lile gita akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaenda akaugonga mlango wa sebule. Akarudi.

"Mlango wenye uvungu ukiugonga unaita," alisema. "Mlango wa mbao nzima unanyamaza. Mluzi huu unatoka kwenye uvungu."

"Kwa hiyo?" Arnold akamuuliza.

"Kwa hiyo nitakutengenezea lisilo na tumbo."

"Fundi, gita bila tumbo ni ubao wa kukatia sukuma wiki."

"Nitaleta ubao, wewe ulete waya."

Mnajua magita ya mbao nzima yako duniani tangu zamani. Arnold alimwambia hivyo, akamwonyesha hata picha kwenye simu. Gerishon aliitazama picha kidogo akairudisha. Alitaka kujua jambo moja tu, jambo ambalo fundi wa milango haanzi kazi bila kulijua: upande.

"Nipe ya kushoto," Arnold akasema.

"Kushoto ukiwa ndani au ukiwa nje?"

Arnold akacheka. "Omera, ndugu, hiyo ni gita, si nyumba!"

"Nijibu tu."

Hapa ndipo kila kitu kiliamuliwa, ndugu zangu. Fundi wa milango hujua kwamba mlango ambao bawaba zake ziko kushoto ukiwa ndani, ukitoka nje utaziona kulia. Usipouliza umesimama wapi, utapeleka mlango usiofunguka. Gerishon alikuwa ameuliza swali hilo maisha yake yote na halikuwahi kumwangusha. Arnold naye akalifikiria kwa haki. Akajifanya amevaa gita, akalikumbatia hewani.

"Si mimi ndiye nimelikumbatia?" akasema. "Basi mimi niko ndani. Watu wako nje."

"Khalas, tumemaliza. Kushoto, ndani."

Karakana ilikuwa imekosea mlango mmoja wa mti mgumu, ukakatwa mfupi, ukawekwa pembeni. Gerishon aliomba kipande chenye tundu la kitasa, kwa sababu tundu lilikuwa limeshachongwa na nyaya zingepita humo. Msimamizi wao, Mhindi wa Kerala, akauliza kama kuna paka aliyeagiza mlango. Gerishon akasema ndiyo, paka wa kanisani. Alifanya kazi wakati wa chakula cha mchana. Alilaza ubao uso chini, kwa sababu aliyeagiza yuko ndani, yaani nyuma. Akachonga mkato wa vidole, lile pengo kando ya shingo, upande wa kushoto. Arnold alileta sumaku na nyaya kutoka gita bovu.

Siku alipolileta, watu walisimama juu ya viti. Arnold akalivaa. Mkato ulikuwa juu, kifuani kwake. Kule chini, mahali vidole vyake vilipopaswa kuingia kuzifikia noti za juu, kulikuwa na mti mtupu: kushoto kwa nyuma kumekuwa kulia kwa mbele.

Scovia, nesi wetu kutoka Uganda anayepiga kinanda, ndiye aliyeanza kucheka. "Bambi, maskini! Gita limevaa shati nyuma mbele!"

"Fundi, hii umemtengenezea ndugu yangu wa mkono wa kulia," Arnold akasema.

Gerishon hakucheka na hakukasirika. Alilishusha kutoka begani kwa Arnold, akalitazama kwa mbele, akaligeuza, akalitazama kwa nyuma.

"Ulisema ndani."

"Nilisema ndani."

"Basi kosa liko katikati yetu," akasema, akalifunga ndani ya shuka akaondoka nalo.

Ijumaa iliyofuata lilirudi likiwa na mikato miwili. Hakuwa ametupa ubao. Alikata na upande wa pili tu, kwa kina zaidi, na ule wa kwanza akauacha ulivyo. Sasa gita lilikuwa na pembe mbili, ya juu ndefu na ya chini fupi. Ile pembe ndefu, ambayo ilibaki kwa sababu ya kosa, ndiyo aliyoifunga mkanda wa begani, na gita likaning'inia sawasawa bila shingo kuinamia sakafu. Arnold akasimama mbele ya spika. Akasogea. Akasogea tena, mgongo ukagusa spika. Mluzi haukuja. Scovia akasema kwa heshima ya kwao, "Ssebo, bwana, nisamehe," na Gerishon akarudi akakaa karibu na viatu.

Wakaliita Ndani-Nje. Kwa kuwa lilikuwa na pembe pande zote mbili, wa kulia na wa kushoto waliweza kulipiga, ukibadilisha nyuzi tu. Ushirika wa Al Wukair waliomba lao. Wakaomba Waganda. Baadaye Kuwait na Manama. Leo ukiona Ndani-Nje utalijua ukiwa mlangoni, na wapo waliojaribu kuliiga na pembe ya juu ikawashinda, kwa sababu waliifanya nzuri.

Lakini shingo zilipinda. Hili ndilo lililokuwa jambo la maisha yake kwa miaka mitano, na halifai kufichwa kwa kuwa leo ni siku ya kumsifu. Gita linakaa kwenye kiyoyozi, linatolewa nje Agosti, hewa ni kama mvuke wa birika, linaingizwa kwenye gari lililopigwa na jua, linarudishwa kwenye kiyoyozi. Baada ya kiangazi kimoja shingo ilikuwa imejikunja kama upinde na nyuzi ziko juu hazishikiki. Lile la kwanza alikuwa ameligandisha shingo kwa gundi, ikabidi alivunje. Mengine yote akafunga shingo kwa skrubu nne, ili ikipinda aitoe aweke nyingine. Yalirudi. Kila Septemba yalirudi, chumba cha Fereej Bin Mahmoud kikawa kama zahanati, magita yamelala kitandani na wenye chumba wamelala chini. Jerusha aliwahi kumwambia, "Baba Tiffany, sasa tunapangisha."

Mwaka 2012 Tiffany alitimiza miaka kumi. Kwenye simu, spika ikiwa wazi na Jerusha akisikia, alimuuliza baba yake swali ambalo watoto wetu wote hutuuliza.

"Baba, mtarudi lini?"

"Shingo ikinyooka."

"Shingo ya nani?"

"Ya gita."

Mtoto akasema, "Haya," na kuanzia siku hiyo hakuuliza tena kama wanarudi. Aliuliza tu, kila Ijumaa, "Shingo imenyooka?" Jerusha anasema jibu la "bado" lilikuwa likimtoka Gerishon haraka, kama mtu anayejibu mlinzi wa lango. Hakuwa akitania. Alitaka aondoke Doha akiwa ameacha kitu kisichorudishwa. Na alitaka arudi kabla Tiffany hajaingia kidato cha kwanza, ampeleke mwenyewe, ambebee sanduku. Hayo mawili aliyafunga pamoja, na hakuna aliyeweza kuyafungua.

Jibu lilitoka mahali alipokuwa akisimama kila siku. Ilikuwa mapema mwaka 2016, mazoezini, na Scovia alikuwa akimchokoza kama kawaida.

"Fundi, milango yako ya hii Doha imepinda?"

"Haijapinda hata mmoja."

"Na jua si hili hili?"

"Ni hili hili."

"Basi, ssebo, kwa nini shingo huzitengenezi kama milango?"

Gerishon aliutazama mlango hadi mazoezi yakaisha. Miaka yote hiyo alikuwa akichonga shingo kwa mti mmoja mzima, kama mpini wa jembe, kwa sababu kwao Ndanai kitu cha kushikwa mkononi huchongwa hivyo. Nguzo za milango yake zilikuwa tofauti: vipande vitatu vya mbao vimeunganishwa kwa gundi, nyuzi za mti wa katikati zikigeuzwa, ili kipande kimoja kikitaka kwenda huku wenzake wakivute kule. Mlango alijua ni mlango, na shingo alijua ni mpini. Hakuwa amevipanga pamoja.

Alitengeneza shingo ya vipande vitatu mwezi wa Mei. Arnold akalipeleka gita lenye shingo hiyo kazini, kwenye kibanda cha mlinzi, na kiangazi chote likawa linatolewa juani na kurudishwa kwenye baridi, asubuhi na jioni. Wageni wa hoteli walidhani ni desturi ya Kenya.

Tarehe 23 Septemba 2016, Ijumaa, Arnold alilirudisha Fereej Bin Mahmoud. Gerishon alisimama dirishani, akaliinua kama bunduki, akafumba jicho moja na kutazama kwa lingine kutoka mwisho wa shingo hadi mwanzo, kama anavyokagua ukingo wa mlango. Akatazama kwa muda mrefu.

"Imenyooka," akasema. "Mama Tiffany, njoo uone."

Jerusha alikuja. Alisimama mbele yake, uso kwa uso na lile jicho lililofunguliwa, mwanga wa dirisha umeliangukia. Lilikuwa la manjano. Alisema, "Nimeona." Hakusema alichoona. Wakampigia Tiffany, na Gerishon akamwambia, na kule Ndanai ukasikika mlio wa sufuria ikianguka na mtoto akikimbia kumwambia nyanya yake. Jerusha alikunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Oktoba walimwambia ni ini, na kwamba wamechelewa. Daktari aliwaeleza vizuri, kwa upole, na wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Nje, kwenye kituo cha basi, Gerishon aliuliza kama nyumbani kuna sukari. Walipanda basi. Hakuna aliyelia siku hiyo, na Jerusha anaomba isemwe hivyo, kwa sababu watu wamekuwa wakimwambia alilia.

Tiketi mbili zilikatwa za Ijumaa tarehe 6 Januari 2017. Shemeji zake waliposikia hali yake walisihi aende mapema, Novemba, kabla nguvu hazijaisha. Alikataa. Matokeo ya mtihani wa Tiffany yangetoka Desemba, shule ingejulikana, na kidato cha kwanza kingeanza Januari. "Nikienda sasa, nitaenda kulala," alisema. "Nikienda Januari, nitaenda na kazi ya kufanya." Jerusha hakubishana naye. Sasa anajiuliza kama angebishana, kisha anaacha kujiuliza, anaosha vikombe.

Desemba aliingia hospitali na hakutoka. Arnold na Scovia walikuwa wakimtembelea kwa zamu. Matokeo yalipotoka, Tiffany alikuwa amefaulu na kupata shule ya bweni Kericho. Jerusha alimsomea kutoka kwenye simu. Gerishon akauliza swali moja: "Milango ya bweni inafunguka ndani au nje?" Arnold, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Fundi, utaiona mwenyewe," na Gerishon akamtazama, akampigapiga goti, kama mtu anayemtuliza mgeni.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 27 Desemba 2016, asubuhi, hapa Doha, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Jerusha alikuwa amemshika mguu, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na mirija. Alipofika nyumbani aliwasha kiyoyozi, akakizima, akakiwasha tena. Kisha akafanya yaliyopaswa kufanywa. Ubalozi, kampuni, hospitali, shirika la ndege. Kila mahali alisema jina lake kwa sauti ile ile. Mtu wa shirika la ndege alimuuliza kama angependa kusogeza safari mbele, kwa kuwa vibali vya mwili huenda vikachelewa. Jerusha akasema ni tarehe 6, wanangojewa. Vibali vilitoka jana.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Tiffany, hakutaka aambiwe na mtu mwingine. Alimwambia kwa maneno machache.

"Mama."

"Nipo."

"Mtafika siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Haya."

Leo usiku watasafiri. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Gerishon. Jerusha amesema atakaa chake, cha kando ya njia, na kile kibaki wazi. Watatua Nairobi Jumamosi asubuhi, na mazishi yatakuwa Jumanne tarehe 10 Januari 2017, nyumbani kwake Ndanai.

Gerishon Kiprop Tesot alitanguliwa na baba yake, Mzee Douglas. Ameacha mama yake, Bi. Emily Tesot, mjane wake, Jerusha Cherotich, ndugu zake Wesley na Fiona, na shemeji na wajomba wengi wa Ndanai na Kericho. Ameacha ushirika huu, na Arnold Omondi, ambaye atatupigia wimbo wa kufunga, na Scovia atakayempokea kwenye kinanda. Na ameacha binti mmoja, Tiffany Chepkemoi, ambaye amekataa kungojea nyumbani. Jumamosi asubuhi atakuwa uwanja wa ndege, pale wanapotokea abiria, na amesema sanduku lake la shule atakuja nalo.

Fundi, lala kwa amani ya Bwana. Mlezi wa waliobaki ni Bwana huyo huyo.